Jaribio la Moyo wa Kwanza

Shangazi Atuganile alilisoma kosa lile tena kwa sauti yake ya kusomea matangazo ya misiba kanisani, taratibu, bila kuruka neno, na mimi nikatamani kuing'oa kibodi niitupe nje kwenye ukungu.

"Jaribio la moyo wa kwanza. Mapigo matatu, kisha kimya. Ujenzi umesimamishwa."

Nikamwambia nimesikia. Akajibu kwamba sijasikia lolote, kwani ningekuwa nimesikia lisingekuwa linarudi vilevile tangu asubuhi. Shangazi ana mdomo, nawaambia mapema. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa akimwona kwa mbali anakuja kututembelea, anatokea mlango wa jikoni na kwenda kukagua viazi visivyohitaji kukaguliwa.

Hapa Kituo cha Mioyo cha Idunduma tuna utaratibu wetu: kosa halisomwi kimya. Mmoja anaandika, mwingine anasoma skrini kwa sauti kuanzia juu kabisa, kwa sababu mashine ikikwama hutapika makosa chungu nzima, na la kweli ni lile la kwanza, mengine ni wajukuu zake. Ukiwa peke yako macho yanaruka. Yanasoma kile unachotamani kukiona. Kuna wageni waliwahi kutucheka, eti watu wazima wanasomeana kama darasa la pili. Wacheke tu. Mimi naandika, Shangazi anasoma, na kazi ilikuwa ikienda.

Ila siku hiyo msomaji wangu alikuwa anasoma habari zake mwenyewe. Moyo wa kwanza, yaani toleo la mwanzo kabisa la ile mioyo ya kutengeneza, ulikuwa umebaki mmoja tu katika wilaya nzima, na ulikuwa kifuani kwake.

Niwaeleze upesi. Ule ugonjwa ulipopita nyanda za juu ulikula mioyo ya watu, ukawaacha wakitembea kidogo wanakaa. Kampuni moja ya ng'ambo ikaleta mioyo ya kuwekewa, bure kabisa, na watu wakaimba. Hakuna aliyeuliza kwa nini kitu cha bure kina antena. Kila siku, wewe ukiwa shambani unapalilia, moyo wako unapiga simu ng'ambo kuuliza kama uendelee, na ng'ambo wanaujibu uendelee. Sasa Kampuni ilikuwa imefilisika. Asubuhi hiyo ilituma taarifa fupi isiyo na hata pole: mitambo yake ya kujibu inazimwa leo. Moyo utakaouliza usijibiwe, utasimama.

Dawa tulikuwa nayo, nusu nusu. Mhandisi mmoja wa kule, mwenye haya kuliko wenzake, alikuwa ametuachia msimbo wote, yale maandishi ambayo programu ya mioyo inatokana nayo. Tulikuwa tumeyarekebisha kwa miezi ili moyo usimuulize mtu ruhusa. Lakini maandishi ni ya kusomwa na watu, moyo hauyaelewi. Lazima kompyuta iyageuze kuwa namba, kipande kwa kipande, kisha ivishone vipande vyote viwe kitu kimoja. Huko ndiko kujenga. Mashine yetu ni kuukuu na inakula umeme wa mtambo mdogo wa mtoni. Kujenga kila kitu kuanzia mwanzo kulichukua usiku na mchana. Kwa hiyo inajenga kwa ujanja. Inatazama maandishi yapi yameguswa baada ya kipande chake kujengwa, inajenga hayo tu, yaliyobaki inayaacha kama yalivyo.

Na ugonjwa wa jaribio nilikuwa naujua, au nilidhani naujua. Mioyo ya sasa ina vihisio viwili vya damu. Moyo wa kwanza una kimoja. Programu yetu ilipiga, ikasubiri habari kutoka kihisio cha pili, ambacho hakipo, ikapiga tena, ikasubiri, na baada ya pigo la tatu ikakata tamaa ikanyamaza. Nikaandika mstari mmoja: kama kihisio cha pili hakipo, usikisubiri. Rahisi namna hiyo. Nikajenga, nikajaribu. Mapigo matatu, kisha kimya.

Nikaufuta ule mstari nikafupisha muda wa kusubiri. Mapigo matatu, kisha kimya. Nikaizungusha njia ya damu, nikaidanganya programu kwa habari za uongo za kihisio, nikafanya mambo ambayo ningemwona mtu mwingine anayafanya ningemfukuza kazi. Haikubadilika hata herufi.

* * *

Daktari Zabroni Ndelwa aliingia bila kubisha, akasimama nyuma yangu. Yeye ndiye mkuu wa kituo, na yeye ndiye aliyeuweka ule moyo wa kwanza kifuani kwa Shangazi, wakati ule watu wote wanaogopa na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa wa mwanzo. Shangazi alikubali. Alitoka wodini anatembea, na watu walipomwona anatembea ndipo foleni ikaanza. Hata Daktari mwenyewe alipougua alikuja kuwekewa toleo la baadaye. Nasema hili ili mjue huyu si mtu mbaya. Nilimchukia siku hiyo, lakini si mtu mbaya.

Kwenye kona ya skrini kulikuwa na hesabu ya muda uliobaki, ambayo kompyuta ilitupigia kutokana na ile taarifa, maana Kampuni iliandika kwa saa za kwao. Kwa hesabu hiyo tulikuwa na mpaka saa tano usiku, na ndivyo tulivyowatangazia watu kwa redio ya kijiji: mje kabla ya usiku kuingia sana. Wengi walikuwa wameshafika, wamekaa uani na mablanketi, kwa sababu ilikuwa siku ya gulio na walikuwa mjini tayari.

Daktari alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionipandisha mori. Alisema kipande kinachokwamisha ni cha mtu mmoja. Programu ya wengine wote ni nzima, imefaulu majaribio yake. Nikikitoa kile kipande pamoja na jaribio lake, ujenzi utapita, na tunaweza kuanza kuwapakia watu sasa hivi badala ya kungoja muujiza. Halafu akasema maneno ambayo naona alikuwa ameyapanga akitembea korido nzima, kwamba hakuna anayependa hivyo.

Nilimuuliza kama mwenye moyo huo amemwona, maana amekaa hapo mbele yake na miwani puani.

Shangazi hakunipa nafasi ya kugombana. Alivua ile miwani, akaifuta kwa kitenge, akairudisha. "Elika," aliniita, "nitoe."

Nilimwambia aache mchezo.

"Sichezi. Mle ndani mimi ni faili. Nitoe tuone kama wengine wanapita."

Nilifanya. Sijui niseme nini zaidi. Niliyataja yale maandishi kwa jina, nikaiambia mashine isiyahesabu, nikabonyeza. Kwa nusu siku nzima mashine ile ilikuwa imenigomea, imenitukana, imenitoa jasho kwenye baridi ya Idunduma, na sasa ilishona vipande vyake kwa dakika chache, kimya, kama inanifanyia hisani.

Shangazi akasoma, sauti ileile: "Majaribio yote yamefaulu. Hakuna kosa."

Nililia pale pale. Sikuwa na huzuni tu, nilikuwa na hasira ya kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

* * *

Daktari alitaka tuanze kupakia. Mimi nikaomba saa moja. Nilisema kwa hesabu ya skrini tuna muda mrefu bado, watu uani wamekaa, hakuna anayezidiwa, na mtu aliyetangulia mbele ya wote hawezi kunyimwa saa moja. Akatazama saa yake ya mkononi, akasema nusu, akatoka kwenda kuwapanga watu.

Nikarudisha kile kipande. Nikaurudisha na mstari wangu wa kwanza, kwa kukosa jingine la kufanya. Nikabonyeza. Mapigo matatu, kisha kimya.

Hapo nikamwomba Shangazi anisomee si kosa, bali vipande. Nilitaka kujua kila kimoja kilijengwa lini, vyote, kuanzia juu. Huwa hatufanyi hivyo, ni kazi ya kuchosha. Akasogeza kiti akaanza: cha shinikizo la damu, jana jioni, cha antena, jana jioni, cha betri, juzi. Nilikuwa nimefumba macho, kichwa kinaniuma. Akaendelea hadi akafika kwake.

"Kipande cha moyo wa kwanza. Leo, saa nane na dakika kumi." Akaguna. "Huyu naye mwongo. Saa nane ya wapi? Sasa hivi ndiyo kwanza saa sita."

Nikafumbua macho. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikatazama saa ya mashine kwenye skrini: saa sita kamili. Nikatazama saa ya ukutani: saa sita, kengele ya kanisa nayo inalia mchana. Vyote vinaafikiana. Lakini kipande kilikuwa kimejengwa saa mbili mbele yetu, kwenye saa ambayo haijafika.

Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kuona mashine ikikijenga kile kipande kwa kweli, ikihangaika nacho, feni zinavuma. Ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai, kabla majani hayajaziba mtambo wa mtoni na umeme kukatika. Saa mbili asubuhi. Na kompyuta zinahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Saa mbili yetu ya asubuhi, kwake ni saa nane.

"Shangazi," nikamuuliza, na nilijitahidi sana isitoke kama lawama, "umeme uliporudi, nani aliiwekea mashine saa?"

Alisema ni yeye. Kale kabetri kadogo ka saa kamekufa siku nyingi, mashine ikiwaka huuliza ni saa ngapi, na mimi nilikuwa nimetoka kuita watu wa mtambo. Ilikuwa saa tatu asubuhi, akaandika tatu. Alinitazama, akatazama skrini, na nikaona rangi ya uso wake inabadilika.

Sijamlaumu hata leo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitazama ile saa tangu asubuhi. Ilisema tano ikiwa saa tano, ikasema sita ikiwa saa sita. Mzungu angeingia mle chumbani angeshtuka kuona alfajiri kwenye skrini na jua dirishani, lakini sisi wote tuliolelewa kuhesabu kuanzia jua linapochomoza tuliona mambo yako sawasawa. Mashine ilikuwa imerudishwa nyuma saa sita nzima. Kila nilipoandika dawa, iliiona ni ya zamani kuliko kipande kilichojengwa wakati wa chai, ikasema hakuna jipya, ikaniletea kile kipande kibovu nikijaribu tena na tena. Dawa zangu zote hazikuwahi kuingia. Hata moja.

Nikapiga meza kwa furaha. Nikaipa mashine saa ya kweli. Na hapo hapo, kwenye kona, ile hesabu ya muda uliobaki ikaruka: badala ya saa kumi na moja za kufanya kazi, zikawa zimebaki saa tano tu.

Shangazi akaisoma kwa sauti, kwa mazoea, halafu akageuka kutazama uani waliko watu.

* * *

Daktari tulimwita ndani. Nilimweleza haraka: hesabu ya skrini ilipigwa kwa saa mbovu, hatuna mpaka saa tano usiku. Tuna mpaka saa kumi na moja jioni. Alishika ukingo wa meza. Kisha akatoka mbio, nikamsikia akiwapigia kelele vijana wa bodaboda wafuate watu waliobaki makwao, kila mmoja, hata kama yuko chooni.

Aliporudi nikampa na lile la pili. Kompyuta ni moja. Ndiyo inayojenga, ndiyo inayopakia. Kile kipande kinakula karibu saa moja mashine ikiwa imetulia, na kumpakia mtu mmoja ni dakika kadhaa za kiti na waya. Nikijenga kwanza, wale wa mwisho kwenye foleni watakutwa na saa kumi na moja. Nikiwapakia watu kwanza na programu ile iliyofaulu, Shangazi hatabakiwa na muda. Njia ya tatu ni kufanya yote kwa pamoja: kujenga chini chini wakati watu wanapakiwa. Lakini mashine itakuwa nzito, kila mtu atacheleweshwa kidogo, na huko kidogo kidogo kutajikusanya mwisho wa mstari.

"Nani yuko mwisho?" Daktari aliuliza.

Aliuliza akijua. Asubuhi, kabla hatujajua lolote, alikuwa amejiweka yeye, kama mkuu wa kituo anavyopaswa.

Shangazi alisema hapana. Alisema amekula chumvi ya kutosha na ya jirani juu, na alishanitaka nimtoe, na Ndelwa ana watu wanaomtegemea mpaka mpakani mwa wilaya. Tena saa ameiharibu yeye, asibebeshwe mwingine. Nilimwambia hajaharibu kitu. Akaniambia ninyamaze, sijaulizwa.

Daktari alikuwa ameshika kifua chake, pale chini ya mfuko wa koti, nadhani bila kujua. Nilimwona anaogopa, na nikaona anaona kwamba nimemwona. Asubuhi alikuwa amezungumza kuhusu mtu mmoja na wengi, na sasa mtu mmoja alikuwa na jina lake.

"Washa vyote viwili," alisema, akatoka haraka.

Huko uani aliwaambia mwenyewe. Nilisikia dirishani. Aliwaeleza kwamba mashine itakwenda polepole kwa sababu inamtengenezea Bi Atuganile, na kwamba ucheleweshaji wote unaishia kwake yeye Daktari, aliye mwisho wa mstari. Kukawa na manung'uniko. Muuza ulanzi mmoja, ile pombe ya mianzi, Mama Faraja, alisema waziwazi kwamba ana watoto wadogo na hataki kufa kwa ajili ya utaratibu wa mtu, aanze yeye. Hakuna aliyemzomea. Wakampisha, akaanza yeye.

Mimi nikabaki na swali ambalo hakuna wa kunisaidia. Nilikuwa nimeandika dawa nne tofauti tangu asubuhi na sikujua hata moja kama inafanya kazi, maana hakuna iliyowahi kujaribiwa. Nafasi ya kujenga ni moja. Nikaanza kuzilinganisha, nikazichanganya, nikajishuku.

"Asubuhi, kabla hujachanganyikiwa," Shangazi aliniuliza, "uliona nini?"

Nikamwambia: kama kihisio cha pili hakipo, usikisubiri.

"Basi andika hilo. Mengine yote uliyaandika ukiwa na hofu."

Nikaliandika. Nikakifuta kile kipande kibovu kwa mkono wangu, nikabonyeza, na feni zikaanza kuvuma.

* * *

Mchana ule sitaki kuuishi tena. Mtu anaingia, anakaa kitini, ninaweka kile kichwa cha waya kifuani, ninafungua. Kufungua ndiyo hatua ya pekee inayohitaji idhini ya Kampuni. Mlango ukishafunguliwa, moyo hauulizi tena kitu, unalala, na kale kamtambo kadogo ka dharura tunakokaita mshumaa kanaendesha damu mpaka programu mpya iingie. Ikiingia vizuri, mtu anasimama na moyo wake mwenyewe. Ikiingia vibaya, mshumaa hauwaki muda mrefu.

Shangazi alisoma kwa kila mmoja. Mlango umefunguliwa. Mshumaa unawaka. Programu mpya inaanza. Hakuna kosa. Anayetoka anamshika mkono, wengine hawawezi hata kumtazama. Katikati ya mistari ya watu ulikuwa unapita mstari wa kipande chake, kinajengwa, robo, nusu, na hakuubakisha hata huo. Aliusoma sawa na mingine.

Ukungu ulishuka tena jioni. Vijana wa pikipiki walileta mzee mmoja kutoka shamba la pareto akiwa na jembe bado mkononi. Watu wakapungua uani, hesabu ya kona nayo ikapungua, na mimi nikaacha kuitazama, nikatazama waya tu.

Daktari alipokaa kitini hakukuwa na mtu mwingine nje. Nilifungua mlango wake zikiwa zimebaki dakika ambazo hata chai haichemki. Alifumba macho. Shangazi alisoma, programu ikaingia, akafumbua macho akahema kama aliyetoka mtoni, na wakati huohuo feni zikatulia. Kipande cha moyo wa kwanza kilikuwa kimekamilika. Mashine ikakishona, ikaniuliza: niendeshe jaribio?

Jaribio linachukua dakika kumi. Hesabu ilisema tatu, na mshumaa hauwezi kuwaka dakika kumi nikifungua kwanza.

Niliganda. Siku nzima nilikuwa nimegombana na watu kwa ajili ya lile jaribio. Nililitoa nikalirudisha, nilikataa kulifumbia macho, na sasa kulisubiri ndiko kungemuua, na kutolisubiri kulikuwa kumfungulia moyo mtu niliyezaliwa mikononi mwake, nikamwekea kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikipiga.

Shangazi alikuwa ameshakaa kitini. Alikuwa ameshafungua vifungo viwili vya gauni, ameshajiwekea kichwa cha waya mwenyewe, na amekigeuza kiti ili aione skrini.

"Jaribio ni mimi," alisema. "Fungua, mwanangu."

Nikafungua.

"Mlango umefunguliwa," akasoma. "Moyo wa zamani umelala. Mshumaa unawaka." Sauti ilikuwa imekuwa nyembamba, lakini taratibu, bila kuruka neno. Daktari alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, ameshika kifundo cha mkono wake. Kwenye kona hesabu ikafika sifuri. Huko ng'ambo mtu alizima kitu. "Kampuni haipatikani," Shangazi akasoma, akavuta pumzi. "Programu mpya inaingia. Robo. Nusu."

Nilikuwa nasali. Sisali, lakini nilikuwa nasali.

"Imeingia. Mshumaa umezimwa. Programu mpya inaanza." Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Pigo la kwanza."

Daktari alikaza vidole kwenye kifundo.

"Pigo la pili."

Nje, wale waliokwishapona hawakuwa wameenda nyumbani. Walikuwa wamesimama dirishani kwenye ukungu, Mama Faraja mbele yao, kitenge mdomoni.

"Pigo la tatu," Shangazi akasoma.

Halafu akanyamaza.

Skrini ilikuwa tupu. Nilitazama uso wake, naye alikuwa anatazama skrini, anasubiri, na mimi nilijua mstari unaofuata kwa moyo, nilikuwa nimeusikia siku nzima, neno kwa neno. Nilitaka kufumba macho nisiweze.

Shangazi Atuganile akasukuma miwani juu ya pua.

"Pigo la nne," akasoma. Kisha akanigeukia, machozi yananitoka mpaka kwenye kibodi, akanikazia macho yaleyale ya kumtorosha baba yangu jikoni. "Unalia nini? Andika. La tano hilo."